Vifaranga wa Senje na Hesabu Yangu

Jumamosi, Kakamega. Jioni.

Mvua ya mawe imepita hivi punde. Ilipiga mabati mpaka nikaziba masikio, na nilifurahi, kwa maana wakati mvua ile inanyesha hakuna mtu ambaye angekuja kubisha hodi. Sasa imetulia. Matone yanadondoka moja moja kutoka ukingo wa paa, na barabarani nasikia watu wameanza kupita tena. Kila sauti ya mwanamke nadhani ni ya mtu anayenijua.

Leo nimesema ukweli. Ningependa kuandika kwamba moyo umekuwa mwepesi, lakini sivyo. Jana aibu ilikuwa yangu peke yangu. Leo ni ya soko zima.

Niandike tangu mwanzo, nisije nikajipunguzia.

Senje Respa ni dada mkubwa wa baba yangu. Mama alipofariki ndiye aliyenichukua, na chakula nilichokula hata nikamaliza shule ya ufundi kilitoka kwenye jembe lake. Baada ya Uhuru, kila mkutano watu wakihimizwa kushikana mikono na kujitegemea, yeye na akina mama wenzake wa kanisani walianzisha kikundi. Walikuwa wakienda Lugari kupalilia mahindi kwa familia zilizopewa mashamba yaliyoachwa na Wazungu. Huko, ndani ya ghala la shamba moja, wakaona sanduku.

Ni sanduku la mbao, limezungushiwa bati kwa ndani, na chini ya kifuniko kuna waya uliosokotwa kama springi. Mzungu alilelea vifaranga humo. Mwenye shamba mpya hakuwa na stima, kwa sababu mtambo wa kuzalisha stima uliondoka pamoja na Mzungu, kwa hiyo sanduku lilikuwa kiota cha panya tu. Akawaambia akina mama, nipalilieni sehemu ile yote ya mtoni, mlichukue. Wakapalilia. Wakalileta Kakamega juu ya lori la mahindi, wakiliimbia njia nzima.

Wazo lao lilikuwa zuri. Vifaranga wa kizungu wanaokua haraka, mayai ya kuuza mjini, hata hospitalini Mukumu ikiwezekana. Mama Ayuma, mweka hazina wao, alikuwa tayari ameamua kwamba mayai yatampeleka bintiye shule.

Na mimi ndiye niliyeitwa kuliwasha sanduku, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma mambo ya stima. Kazi yangu ni fundi msaidizi katika karakana ya serikali. Natengeneza swichi, nabadilisha nyaya, nasafisha mota. Lakini akina mama huniita Injinia.

Sikuwahi kuwakosoa.

Chumba tulipewa na Bwana Rajabu, mzee wa Mumias anayeuza vitambaa karibu na soko. Nyumba yake ilikuwa imeingizwa stima karibuni, na nyuma ya duka palikuwa na chumba kisicho na kazi. Alitoa ufunguo bila kuomba chochote. Alisema kuku wakikua, naye ataonja yai moja, basi.

Sanduku lina kibati kidogo ubavuni. Kimeandikwa volti mia moja na kumi, ampea tano. Stima ya mjini ni volti mia mbili na arobaini. Tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu. Siwezi kusema sikuiona. Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo, akatafuta njia ya kuishusha ile stima. Mimi nilichukua chaki.

Akina mama walikuwa wamejaa chumbani, na nilitaka waone. Niliandika kwenye mlango: volti mara ampea ni nguvu. Mia moja na kumi mara tano, wati mia tano na hamsini. Hapo nilikuwa sawa. Kisha nikageuka kama mwalimu nikasema sanduku hili ni la wati mia tano na hamsini, popote litakapokwenda. Nikagawa hizo mia tano na hamsini kwa mia mbili na arobaini, nikapata ampea mbili na kitu. Nikawaambia mnaona, volti zikipanda, mkondo unashuka. Hapa mjini sanduku litapumzika kuliko lilivyopumzika kwa Mzungu.

Walipiga makofi. Hawakuelewa hata kidogo, na mimi nilipenda hivyo.

Senje peke yake hakupiga. Aliuliza kama hatuwezi kuliwasha kwanza likiwa tupu, tukae nalo mchana mmoja, tuone linavyofanya. Aliuliza kwa upole, jinsi mtu anavyouliza kama ugali umeiva. Nilicheka. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hesabu haijaribiwi, hesabu inajulikana. Wengine wakacheka pamoja nami. Senje akajifunga leso yake vizuri.

Vifaranga wakaja kwa basi kutoka upande wa Nakuru, wamo ndani ya makatoni yenye matundu, karibu mia moja. Wakalala jikoni kwa Senje kando ya makaa. Jumapili iliyopita asubuhi tukawabeba hadi kwa Bwana Rajabu, tukawamimina sandukuni taratibu, nami nikabonyeza swichi. Joto likaja upesi sana. Kupitia ufa wa kifuniko niliuona waya ukiwa mwekundu, nikasema ndivyo unavyotakiwa kuwa. Vifaranga walikuwa wanalia kwa sauti nyembamba, na akina mama wakaona ni kilio cha furaha. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia. Tukafunga mlango, tukaenda kusali.

Sijui mahubiri yalihusu nini. Nakumbuka nilikuwa nawaza vile watakavyonitaja kwenye matangazo.

Tuliporudi, harufu ilitupokea uchochoroni kabla ya mlango. Manyoya yaliyoungua. Bwana Rajabu alikuwa amesimama chumbani, kanzu imelowa hadi kiunoni, ndoo mkononi. Alikuwa dukani mbele, akasikia harufu, akakimbia, akazima swichi, akamwagia maji ubavu wa sanduku uliokuwa umeanza kuwaka. Bila yeye nyumba ingeteketea.

Nilifunua kifuniko. Sitaandika nilichokiona. Waya ulikuwa umekatika katikati. Hakuna kilichokuwa kikilia tena.

Na hapo, nikiwa bado nimeshika kifuniko, hesabu ilikuja yenyewe, bila chaki. Nilipaswa kuanza na ukinzani. Volti gawa kwa ampea: mia moja na kumi kwa tano, omu ishirini na mbili. Huo ndio ubishi wa waya wenyewe, na ubishi huo haukubadilika kwa sababu waya umehama Lugari kuja mjini. Kibati ni cha watu kusoma. Waya hausomi. Mzungu aliusukuma kwa volti mia moja na kumi, ukapitisha ampea tano. Mimi niliusukuma kwa mia mbili na arobaini. Gawa kwa ishirini na mbili: karibu ampea kumi na moja. Si mbili. Kumi na moja. Zidisha na zile volti, unapata wati zaidi ya elfu mbili na mia sita. Karibu mara tano ya joto ambalo sanduku lile lilitengenezewa. Na fyuzi ya pale ilikuwa ya ampea kumi na tano, kwa hiyo haikukatika. Iliona ampea kumi na moja zikipita, ikaziacha zipite.

Hesabu hii tulifundishwa mwaka wa kwanza.

Mama Ayuma alikuwa ameketi chini sakafuni kwenye maji. Wengine walikuwa wanalia kwa sauti. Senje aliniangalia, akauliza, "Petro, ni nini kimetokea?"

Nikasema, "Nyaya za nyumba hii ni mbovu."

Nilisema hivyo mbele ya Bwana Rajabu, mwenye ndoo mkononi.

Hakubisha. Aliangalia dari, akafuata kwa macho waya unaopita pale juu kwenda kwenye taa, na uso wake ukabadilika. Aliniamini. Wote waliniamini.

Wiki hii nimeishi ndani ya maneno hayo sita. Akina mama walitoa vitu vyao chumbani siku ile ile, na mmoja wao akamwambia Bwana Rajabu kwamba mtu hakaribishi watoto wa wenzake kwenye nyumba ya moto. Sokoni habari ikazagaa kwamba duka lake litawaka siku yoyote. Watu wakawa wanasimama nje kuulizia bei ya kitambaa badala ya kuingia. Yeye mwenyewe akang'oa fyuzi zote, akarudia taa ya mafuta, na akawapeleka mke wake na watoto Mumias kwa shemeji yake, akihofia wataunguzwa usingizini.

Na mimi nikapewa pole. Nilipoacha kula, Senje alidhani nina huzuni kwa ajili yao. Alichinja kuku. Alileta obusuma na ingokho, ugali na nyama ya kuku huyo, kwenye bakuli lililofunikwa, akakaa mpaka nianze kula, akasema nisijilaumu kwa nyumba ya mtu mwingine.

Nilikula.

Juzi Bwana Rajabu alikuja karakanani. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali, akatoa pakiti ya sukari ndani ya koti akaiweka mezani. Alisema amekuja kuniomba radhi, kwamba nyumba yake imeniaibisha mbele ya mama zangu baada ya mimi kufanya kazi nzuri. Akaniomba nimtafutie fundi mwaminifu wa kung'oa nyaya zote na kuanza upya, hata kama itambidi auze cherehani. Wenzangu wa karakana walikuwa wanasikiliza. Nilimwambia nitaangalia. Alinishukuru.

Leo asubuhi nilikwenda dukani kwake kabla hajapata wateja. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya utangulizi, yote yakanipotea. Nilimwambia nyaya za nyumba yake ni nzima. Kosa lilikuwa hesabu yangu, na nililijua hapo hapo Jumapili, nilipofunua kifuniko.

Alikuwa anakunja kitambaa. Aliendelea kukikunja mpaka mwisho, akakiweka kwenye rafu, akakinyoosha kwa kiganja.

"Kwa hiyo nyumba yangu ni salama," alisema.

"Ni salama, Bwana Rajabu."

"Watoto wanaweza kulala hapa?"

"Wanaweza."

Alikaa juu ya kigoda. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Badala yake alifunika uso kwa mikono miwili, na nikaelewa kwamba wiki nzima mzee huyu alikuwa amejiona kama mtu aliyetaka kuwachoma wanawe mwenyewe. Aliponyanyuka alivaa kofia yake, akaniambia, "Twende kwa mama zako. Mimi nitasimama kando. Wewe ndiye utakayesema, maana nikisema mimi, watadhani najitetea."

Tulitembea pamoja kupita katikati ya soko. Aliwasalimia watu, mimi nikatazama viatu vyangu.

Akina mama hukutana Jumamosi uani kwa Senje. Waliponiona na Bwana Rajabu, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyemletea kiti. Nilisema nina neno, nikabaki nimesimama, nikaanza kueleza hesabu. Nilidhani nikieleza vizuri wataona ni kosa ambalo mtu yeyote angelifanya. Nikasema kuhusu omu ishirini na mbili, nikasema waya haukubadilika, nikasema nilipaswa kutafuta ukinzani kwanza halafu mkondo halafu nguvu, lakini mimi nilishika nguvu kama kitu kisichosogea. Nilikuwa hata naanza kuchora chini kwa kijiti.

Mama Ayuma alinikatiza. Hakupandisha sauti.

"Hizo hesabu nimeshasahau. Mimi nauliza kitu kimoja. Siku ile, vile ulituangalia tukilia, ulikuwa unajua?"

Nilimwangalia Senje. Alikuwa anasubiri jibu kama wengine.

"Nilijua."

Hakuna aliyelia. Ingekuwa heri wangelia. Mama mmoja alianza kuokota punje za mahindi zilizokuwa zimemwagika mkekani, moja moja, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. Mama Ayuma aliinuka, akamwendea Bwana Rajabu, akampigia goti kidogo vile mwanamke hupiga kwa mkwe wake, akamwambia, "Baba, tulikukosea. Ulituzimia moto na sisi tukakutangaza sokoni." Akaingia ndani mwenyewe akamletea kiti. Bwana Rajabu alikataa kukaa. Alisema inatosha, akawaombea heri, akaondoka kwenda kutafuta gari la kwenda Mumias kuwachukua watu wake. Aliponipita alinigusa bega. Mguso ule umeniuma kuliko maneno yote.

Kisha wakanihukumu, na sikuona jambo la kubishia. Vifaranga wengine watapatikana kwa njia ile ile, yaani jembe. Msimu huu wanakwenda tena Lugari kupalilia, na kila siku ya mapumziko nitakwenda nao, nitashika mstari wangu kama mtu yeyote. Sanduku litatengenezwa, lakini halitaingiwa na kifaranga mpaka niandike hesabu yote, fundi mwingine aisome, na tuliwashe tupu mchana kutwa wao wakiwepo. Mmoja akauliza kama si afadhali waendelee na makaa. Mama Ayuma akasema stima haikukosea kitu.

Sanduku lenyewe nimeshalifikiria. Waya mpya nitausokota mrefu zaidi. Ili nipate wati zile zile mia tano na hamsini kwa stima ya hapa, mkondo uwe ampea mbili na kitu, ukinzani unatakiwa ufike kama omu mia moja na tano, si ishirini na mbili. Nimefanya hesabu hiyo mara nyingi leo, kwenda na kurudi, na kila mara inatoka sawa. Ajabu ni kwamba zile ampea mbili nilizoandika mlangoni zingekuwa kweli, laiti ningelikuwa na waya unaostahili. Sikuwa nao. Nilikuwa na chaki.

Senje hakusema neno kwenye mkutano. Alinifuata mpaka kwenye lango la miti wakati natoka. Nilidhani atanisamehe, kwa sababu amezoea kunisamehe. Alisema, "Ile siku ulinicheka, niliumia kidogo, ikaisha. Kosa la hesabu pia lingeisha. Lakini nilikuchinjia kuku, Petro, na ukala ukiniangalia." Akaongeza kwamba baba yangu atasikia habari hii kutoka kwangu mimi, si kwake, na nisimcheleweshe. Kisha akarudi ndani. Hakuniambia nibaki nile. Tangu utoto wangu sijawahi kuondoka uani mwake bila kuambiwa hivyo.

Nilipofika barabarani mwanamke muuza ndizi alinisalimu, "Injinia, habari za leo?" Bado habari zilikuwa hazijamfikia. Nikamwambia mimi si injinia, ni fundi msaidizi. Alinishangaa, akaniuliza kwani kuna tofauti gani. Nikasema ipo kubwa, nikaenda zangu. Ni jambo dogo, na limekuja limechelewa, lakini nimeliandika kwa sababu ndilo pekee nililolifanya leo bila kusukumwa.

Nimeshamwandikia baba. Karatasi imekunjwa hapa mezani, na sikuweka humo hesabu hata moja.

Kesho ni Jumapili. Katika kanisa letu kila mtu ana mahali pake, na pangu tangu utoto ni benchi la tatu, kati ya Senje na Mama Ayuma. Nitakwenda, hilo nimekata shauri. Ila nikisimama pale mlangoni, na wao wote wawili wameshaketi, nitangoja wanisogelee nafasi, au nikae nyuma kabisa bila kuwatia majaribuni?